Mgao wa Mndimu

Tulipoanua matanga pale Hombolo
kaka Malogo alichukua shamba la zabibu,
mistari kumi na tisa, nguzo na waya wake.
Chiduo akachukua ng'ombe na baiskeli
na redio ambayo hata haisemi.
Bati zilihesabiwa. Majembe yalihesabiwa.
Mjomba akanigeukia akiwa ameshaanza kuinuka:
"Na wewe, Mwendwa, wataka nini?"
Nikasema: mndimu.

Wakacheka hadi kukohoa.
Ule wa nyuma ya jiko?
Uliokuzwa na maji ya kuoshea vyombo,
wenye miiba kama maneno ya wifi?
"Chukua, dada. Chukua na kivuli chake."

Dodoma nzima inasifu zabibu, sikatai.
Lakini zabibu ina msimu, ina dalali,
ina lori linalochelewa mpaka nyuki washibe.
Ndimu haimsubiri mtu wa mizani.

Alfajiri mtoto wa jirani yuko mlangoni:
mama kanunua perege wa bwawani, wananuka tope.
Nampa mbili. Samaki wanasuguliwa, harufu inahama,
na maganda hayatupwi, yanamaliziwa mikononi
mpaka paka mwenyewe asijue kilichopikwa.

Jogoo mzee, mbabe wa ua mzima,
mlaze kwenye ndimu na kitunguu saumu tangu adhuhuri,
jioni atakuwa amesahau ubishi.

Shati la shule limeshika kutu ya waya wa kuanikia:
ndimu, chumvi, jua.
Jua tunalo, tena la kugawa.

Masinga huenda Singida kila mwezi
na kila mwezi hutapika tangu Bahi.
Nikamwambia, fikicha jani, vuta pumzi, tazama mbele.
Safari iliyopita alifika Manyoni
akitafuna hindi la kuchoma.

Sechelela, mwenye mimba ya miezi mitatu,
anailamba na chumvi, jicho moja kalifumba.
Hataki kuulizwa chochote.
Simuulizi.

Kwenye mlenda siitii. Kila kitu kina mipaka.

Na wapo wanaokuja usiku, mtoto anachemka mgongoni,
wakitaka ndimu imtoe malaria.
Hao nawapa nauli ya bodaboda mpaka zahanati.
Ndimu wataikuta wakirudi, kwenye chai,
koo likishakubali kumeza.
Mimi nina mti. Sina muujiza.

Mtu akichochewa agombane
watu husema katiwa ndimu.
Wanaionea.
Ndimu ninayoijua mimi ni msuluhishi:
inapatanisha mafuta na mfupa,
samaki na pua,
vumbi la Agosti na koo la mwalimu wa darasa la kwanza.
Mara moja tu ilinichoma,
nikiwa na mkwaruzo wa mwiba wake kidoleni,
na hapo ilinikumbusha tu
kwamba nina kidonda.

Mwaka ule mvua zilipogoma
mizabibu ilibaki mikono mikavu iliyoshikilia waya.
Mndimu ulikunywa maji ya sufuria,
maji ya miguu, maji ya mwisho ya nguo,
ukatoa tunda dogo, gumu, lenye hasira,
lakini ukatoa.

Juzi usiku Malogo kapiga hodi.
Kapata wageni, wanunuzi kutoka mjini,
mbuzi yuko motoni,
na pilipili bila ndimu ni matusi tu.
Alisimama mbali na miiba, kofia mkononi.
"Dada, hata mbili."

Nikamulika kwa simu.
Nikazibonyeza moja moja kama baba alivyofanya,
ganda jembamba, tunda zito,
gumba linazama kidogo kisha linarudishwa.
Nikamchumia tano.
Habari ya kivuli sikuigusa.

Ya sita ilikuwa na tundu la mdudu.
Nikampa na hiyo.