Sehemu ya Nne

Shangazi Mize hajui kufupisha.
Kaketi juu ya gunia la unga dukani kwangu, Konde,
simu hataki hata kuishika,
anataka kidole changu na masikio yangu mawili.

"Andika. Kwa dada yangu mpenzi, Bikombo binti Faki,
Tanga, nyumba ya pili kutoka msikitini."
"Shangazi, hii haina bahasha."
"Andika."

Ama baada ya salamu,
na salamu zenyewe hazijesha:
za Hadia aliyejifungua, za Shaame wa mguu,
za jirani aliyehama, lakini angekuwepo angesalimu.
Kijinamba pembeni kinashuka,
mia na sitini, arubaini, tisa,
kisha kinaanza upya, na ubavuni mwake: 2.
"Tumeingia ya pili, Shangazi, na hujasema neno."
"Kwani salamu si neno?"

Nikafanya ujanja wa vijana, nikanyofoa irabu.
Akavaa miwani.
"Nani kala silabi zangu?"
Nikazirudisha, moja moja.

Ya tatu ikawa ya mkarafuu,
ule wa mpakani, aliouotesha baba yao,
Bikombo akauuza kwa mtu wa Micheweni bila shauri.
Hapo sauti ikakwaruza kama pakacha linaloburutwa.
Ya nne, hesabu: pishi, vibarua, msimu kwa msimu.
Ya tano, maneno aliyoambiwa msibani, mbele za watu.

Ya sita, kimya.
Kioo kikazima. Nikakigusa kikawaka, kikazima tena.
"Andika: magoti hayanitii siku hizi.
Nimekusamehe. Nawe nisamehe mdomo wangu.
Njoo Idi ya mfunguo tatu,
chumba chako nimekipaka chokaa."

Nikabonyeza. Sita zikatoka pamoja
kama watoto waliofunguliwa chuoni,
na kama watoto, hazikwenda kwa mstari.

Huko Tanga, simu ya Bikombo ni ya tochi,
kioo chake kadiri ya kiberiti,
haijui kuunga kilichokatwa.
Ikaingia ya sita, peke yake.
Kabla ya Magharibi akapiga, analia,
hata hajui kasamehewa nini.

Salamu zikafuata usiku.
Mkarafuu ukamfikia siku ya tatu.
"Nilikasirika," aliniambia baadaye, "nilikasirika hasa.
Lakini tiketi ya boti nimeshakata,
na wale hawarejeshi pesa."

Ya nne mpaka leo haijafika.
Kwangu inaonesha inatumwa, inatumwa.
Nikaenda kuuliza kama niirudie.
Niliwakuta jikoni wote wawili, wanamenya muhogo,
wanabishana nani alivunja chungu cha mama yao.

Shangazi Mize akanifuata hadi mlangoni.
"Hiyo ya nne ilikuwa na nini?"
"Hesabu."
Akageuka kutazama ndani,
akafuta mikono kwenye kanga, taratibu.
"Iache hapo hapo. Usiitume.
Wala usiifute."