Pacha Mpya

Asidi chini, mafuta ya taa juu,
na Taisia katikati na daftari lake,
tangi la kwanza hadi la tisini.
Nje, Sillamäe: theluji kavu kama chumvi.

Neodimi na nduguye, anamwambia kijana aliyeanza jana,
sura moja, uzito karibu mmoja.
Ukali hauwaachanishi.
Unawatikisa, unasubiri, unawatikisa tena,
hadi mmoja abaki nyuma unyayo tu.
Mshike hapo.

Mama alimtambua Faina hivyo hivyo,
kwa kuchelewa ngazini.
Faina alipanda treni ya Pskov
na koti la Taisia mabegani.

Alfajiri unga unatoka, urujuani hafifu.
Maabara: safi, tisini na tisa nukta tisa.
Taisia anatia sahihi.
Kile kidogo kilichosalia
hakuna anayekiuliza.