Fungu la Mfereji

Walituletea funguo tatu, faili moja,
na mkata utepe mwenye saa nzito mkononi.
"Kuanzia leo," akasema, "pampu ni yenu,
tangi ni lenu,
mabomba, kilomita arubaini na moja, ni yenu."
Tukapiga makofi. Kahawa ikapita, tende zikapita.
Mimi, mhasibu wa wilaya, nikafungua faili
kutafuta ukurasa wa fedha.
Haukuwamo.

Ilikuwamo ankara ya umeme ya miezi minne, haijalipwa.
Ilikuwamo barua ya Biju, fundi wa zamu,
kwa Kiarabu chake cha kubahatisha:
machujio mawili yamekufa, la tatu linaumwa.
Bei ya chujio moja nimeizungushia wino mwekundu:
ni mshahara wangu wa Rajabu, wa Shaabani, wa Ramadhani,
na baisa za sikukuu za watoto juu yake.

Kule Maskati mstari mmoja umefutwa kwenye bajeti
na mtu kapongezwa kwa kubana matumizi.
Lakini mstari haufi. Unahama.
Umepanda barabara ya milimani, umeipita Ibra,
umefika mezani kwangu, umevua viatu,
unauliza chakula cha mchana kiko wapi.

Nimezima taa za bustani.
Nimeahirisha lami ya njia ya skuli.
Nimepandisha bei ya maji, na Bi Zuwena
kaja na risiti yake, kwa Kiswahili cha nyumbani:
"Mwanangu, haya ni maji au marashi?"
Sikuwa na jibu. Nikamgongea muhuri.

Haba na haba hujaza kibaba;
hakuna aliyeniambia kuwa ndivyo pia kinavyovuja.

Alasiri nikaenda kwa Shamis, muuza vipuri vya magari,
wakili wa falaji mwaka huu, mikono imejaa grisi.
Daftari lake liko chini ya kopo la boliti.
Nusu saa ya maji: ya Ghasani.
Nusu saa: ya mayatima wa Harubu.
Nusu saa: ya msikiti.
Na kila siku ya kumi, usiku mmoja, isha hadi alfajiri,
hauna jina.
"Huu wa nani?"
"Wa mfereji wenyewe."
Hunadiwa, aliyepanda dau huumwagilia mitende yake,
na pesa huwalipa wachimba tope, hununua saruji.
Mfereji una mali yake. Haumpigii mtu magoti.

Nimerudi ofisini, nimechukua fomu ya wizara.
Mahali pa *kiasi kinachoombwa* sikuandika tarakimu.
Nimeandika: Mkigawa pampu nyingine,
ipeni na usiku wake mmoja.

Wino haujakauka, simu ikalia.
Biju.
Chujio la tatu.