Salio la Letaru

Kwa mwaka najaza madaftari mawili,
moja la vipimo, jingine la watu wasiorudi.
Hilo la pili ndilo lililonenepa.

Cherehani yangu ni ya miguu. Nimeiweka Oli, hapa Arua,
mlango wa tatu kutoka kwa msaga mihogo,
ndiyo maana nguo zangu huanza maisha na vumbi jeupe.
Wanaleta vitenge vya Ariwara, yadi sita sita,
bado vinanuka gundi ya kiwandani.
Wanasema: harusi ni Jumamosi. Wanalipa nusu.
Halafu harusi inavunjika, au mtu anahamia Koboko,
au mimba inapita pale nilipoachia mshono,
na gauni linabaki msumarini
likichungulia barabara.

Miaka mitatu nilivumilia.
Wa nne, panya akazalia
ndani ya mkono wa blauzi ya mwalimu Asianzu.
Nikanoa mkasi.

Sikukata kwa hasira, hilo lijulikane.
Nilipiga pasi ya mkaa kila kipande,
nikapima kwa chaki, shibiri kwa shibiri.
Bluu ya yule wa posta nikailaza kando ya njano ya mapacha:
bluu ikanyamaza, njano ikapiga kelele,
nikatia kahawia katikati yao
kama jirani anayeamua ugomvi kwa kukaa tu.
Ndani, blanketi kuukuu.
Chini, magunia ya unga niliyoyachemsha mara mbili;
ukiuinua mfarishi juani
bado unasoma *kilo hamsini*.

Na pale kitovuni, kitambaa cha Letaru:
kanga weupe juu ya zambarau.
Kanga ndege, si kanga ya kujifunga.

Nilipoutandika kwenye kochi, watu waliacha kuuliza magauni.
Nifanyie pazia. Nifanyie foronya nne, mgeni wangu anatoka Kampala.
Tangu hapo nashona nyumba kuliko watu.
Nyumba haiongezeki kiuno.

Mwaka wa saba, Letaru akasimama mlangoni
na mtoto mwenye pengo,
na risiti yangu, imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki.
"Nimeleta salio," akasema. "Elfu nane."

Niliingia ndani kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.
Maji yalichemka mapema kuliko uongo wangu.
Nikatoka na mfarishi mikononi kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Mtoto ndiye aliyeona. "Mama, ndege."

Letaru akapiga magoti, akawahesabu kwa kidole.
"Kumi na mmoja. Walikuwa ishirini na wanne."
"Wengine wako Vurra, kwenye foronya," nikasema.
"Na mmoja yumo pindoni. Mkasi ulimkata kichwa, nikamficha."

Akatafuta pindo lote mpaka akampapasa.
Hakucheka. Hakulia pia.
"Gauni lile lilikuwa la kwenda kumwomba mtu msamaha," akasema,
"yeye mwenyewe hakungoja."
Kisha akaomba sindano, maana bawa moja lilikuwa limefumuka,
akalishona papo hapo sakafuni, chai ikipoa.

Mishono yake ni mibaya, mirefu, inapepesuka.
Kila Jumapili nakunja mfarishi na kidole changu kinaikwaa,
na mimi ambaye hufumua hata kazi ya mama yangu
sijaigusa.

Pesa nilikataa. Gauni halipo, nitalipwaje?
Akamsukuma mtoto mbele, akamnyoosha mabega.
"Basi mpime huyu."

Nikafungua daftari la vipimo: bega, kifua, bega hadi goti,
mtoto akijikunyata kila tepu ilipomgusa.
Letaru akaziweka zile elfu nane juu ya cherehani,
noti kwanza, sarafu baadaye.

"Hiyo ni nusu," akasema.