Bega la Kushoto

Nimerudi nayo Tabora, alama hii,
zambarau iliyoiva, pana kama kifuniko cha kopo la asali.
Watu wa forodha hawakuiona.
Shangazi Nyamizi aliiona kabla sijavua viatu:
"Wamekupiga huko Japani?"

Hapana, Shangazi. Nimecheza.

Sikiliza. Tulipiga ngoma ukumbini,
viti vyekundu, watu kimya kama wanasubiri majibu ya hospitali,
kisha makofi, ya kupimwa, yote saizi moja.
Nikafungua njuga, nikazitia ndani ya soksi zisilie,
nikatoka mlango wa nyuma kutafuta chai.

Na barabara nzima ilikuwa inapumua.

Filimbi, taa za karatasi, moshi wa ngisi juu ya mkaa,
watoto wamelala migongoni mwa baba zao katikati ya makelele yale,
na watu hamsini wamejitwika nyumba,
nyumba, Shangazi! ndogo, ya dhahabu,
ndani yake, nilielezwa, yumo mgeni wa heshima asiyeonekana.
Mzee Hoshina, muuza maharage, akaniona nimeduwaa.
Hakuuliza pasipoti. Akanivisha koti la buluu,
mikono ikaishia kwenye viwiko,
akakunja taulo, akaniwekea begani.
Kata! nikapaza sauti. Kata ya begani!
Hakuelewa. Akacheka, akanisukuma chini ya boriti.

Urefu wangu unaujua. Wengi wao wananifika kifuani.
Basi nyumba yote ikaniegemea mimi,
nikakunja magoti mpaka yakalia.
"Wasshoi!" wanaita. "Wasshoi!" naitikia.
Maana yake siijui hadi leo,
bega ndilo linalojua.

Nikamkumbuka babu yake baba,
yule aliyekwenda pwani na pembe za watu,
miezi mitatu kwa mguu, pembe zikabaki huko,
yeye akarudi na sugu ngumu kama kwato,
ile mnayoitaja kila mkigombana nani karithi ukaidi.

"Na hiyo nyumba mliipeleka wapi?"
Tuliizungusha. Benki, kwa kinyozi, kituo cha zimamoto.
Tukairudisha ilipotoka.
"Ilipotoka?"
Ilipotoka.

Shangazi akaacha kupepeta.
"Mzigo unaorudi ulipotoka si mzigo," akasema. "Ni ngoma."
Akaenda kuchemsha maji ya chumvi,
akanikanda kwa nguvu kuliko ile boriti.

Jumamosi, Isevya, Mama Tunu anahama.
Kabati la mninga, milango mitatu, kioo cha kimo cha mtu.
Vijana sita tumelikwamisha katikati ya njia,
kila mmoja na amri yake, mmoja keshaketi.
Bega likasema kabla yangu:

Wasshoi!

Kimya. Kuku akavuka.
Halafu Shija, miaka saba, hana anachobeba,
akaitikia.

Kabati likainuka,
na ndani ya kioo
mtaa wote ukaanza kwenda.