Nibu ya Shilingi Nne

Bi Sakina Taherali hana haraka.
Ametandaza kitambaa cheupe juu ya kioo cha kaunta,
akazilaza kalamu tatu, vifuniko vikielekea mlangoni,
Barabara ya Biashara, kwenye leso zinazoning'inia.
"Ipi ya marehemu?"
Naonyesha kwa kidevu, kisha nasita.
Zote rangi ya ukwaju, zote mkanda wa dhahabu kiunoni,
zote klipu yenye umbo la unyoya.

Moja Baba aliinunua mwaka wa hamsini na nane
kwa mshahara wake wa kwanza, karani wa magunia Kilindini.
Hakumwazima mtu. Mswaki na kalamu, alisema,
havina ushirika.
Sisi watoto tuliruhusiwa kuinusa tu.

Ya pili kaka yangu Twalibu kaja nayo kutoka Doha,
ndani ya sanduku, ndani ya hariri, na cheti:
nambari mia nne na kumi na mbili kati ya elfu mbili.
"Wameitoa upya," kaniambia, "ile ile,
hata uzito." Akafuta macho
kana kwamba kiwanda kimemtoa upya Baba.

Ya tatu ni yangu. Kongowea, shilingi mia tatu;
mchuuzi alianza na mia saba, akiapa kwa mamake.
Jina ubavuni limekosewa herufi moja.
Inavuja. Imeniharibia mkoba na risiti za maji.
Lakini ndiyo niliyoandikia dawa zake zote,
saa ya kumeza, saa ya kupima sukari,
miezi kumi na minne.

Bi Sakina anabana lenzi jichoni.
Ya Doha anaisifu: nibu laini, haina ubishi,
inamwandikia yeyote, kama karani wa benki
anayekuita mteja mpendwa.
Ya Kongowea anaicheka, kisha anaifuta
vizuri kuliko nilivyotarajia.
Ya Baba anaifungua kwa maji ya uvuguvugu,
taratibu, kama avuaye pete kidole kilichovimba.
Mpira wa ndani umekuwa lami.
Kimya. Kisha:
"Hii nibu si yake."

Anaingia nyuma. Nabaki na feni.
Anatoka na daftari la babake, jalada limeliwa na mende,
kidole kinashuka hadi Juni, sabini na nne:
*Bw. Shekuwe wa Kuze. Imeanguka sakafuni, nibu imepinda.
Imetiwa ya Kihindi, ya chuma. Shilingi nne.
Amelipa mbili.*

Kumbe.
Sahihi zote kwenye ripoti zetu za shule,
barua kwa manispaa kuhusu ule mtaro,
siku za kuzaliwa wajukuu pembeni mwa kalenda,
zote chuma cha shilingi nne, nusu yake mkopo,
na sisi tukinusa dhahabu.

Natoa noti ya hamsini. Anairudisha.
"Deni la baba yako kwa baba yangu.
Waache wadaiane huko huko."

Kisha ananigeuzia nibu chini ya taa.
"Tazama ilivyolika. Upande huu tu.
Alikuwa wa shoto?"

Chuoni walimfunga mkono ule kwa kamba ya usumba.
Akaacha, alituambia.
Mbele yetu alikula kwa kulia, akaamkia kwa kulia,
na kuandika aliandika mlango umefungwa.
Tulidhani ni hesabu za watu.

Alhamisi ni kwa Kadhi, karatasi za mirathi.
Twalibu atakuja na sanduku lake,
atataka sote tutie sahihi kwa kalamu ya Baba,
na sitambishia.
Mimi nimenunua mpira mpya na chupa ya wino, buluu iliyokolea.
Usiku, watoto wakilala, nafunga mlango,
naihamishia mkono wa kushoto.
Jina langu linapepesuka, herufi zinagongana
kama watu waliotolewa kizani.
Lakini haikwaruzi.
Mkono wa kulia, inakwaruza.