Anakataa Ziwa

Tulikuwa kumi na watatu, wote wa Kadutu,
tuliojuana kwenye benchi la chanjo
siku ya mvua, matope hadi magotini.
Mama Nsimire ndiye aliyekusanya namba,
akaziandika nyuma ya kadi ya uzani ya mwanawe.
Kundi tukaliita Uji.
Jina la utani tu. Likaganda.

Miezi hiyo simu yangu ilinuka maziwa.
Hii homa ni ya jino, au ni homa nyingine?
Soya kiasi gani, mtama kiasi gani?
Na daima mmoja alikuwa macho,
wake kamlaza begani, anachapa kwa kidole gumba:
niko hapa, dada, uliza.

Kisha yakaja yale makopo.
Unga wa maziwa, kifuniko cha bluu, bei ya kutupa.
Watoto wanne wakatapika juma moja.
Wa tano hakutapika tena.
Jina lake Ombeni. Nilikuwa nimemshonea kofia.

Tukapiga picha vitako vya makopo,
tarehe zilizokwanguliwa kwa wembe,
tukazituma kila palipopokea.
Asubuhi ya tatu sauti ya Mama Nsimire ikatoka redioni
kati ya matangazo ya vifo na bei ya mafuta,
ikiyumba kama mtu avukaye daraja la miti.
Haikuanguka.
Maghala mawili yakafungwa.
Tukalia, tukatumiana vicheko, tukalia tena.
Hatukujua ni nani wengine waliokuwa wakisikiliza.

Maana mama mmoja ni kelele.
Mama elfu moja na mia mbili ni kura.

Akaja kijana wa viatu vyeupe, katika mji huu wa matope,
akasema katumwa na mheshimiwa,
hataki kitu, anawasalimu tu.
Ikaja chumvi. Vikaja vitenge vyenye uso wake;
kimoja nilikikata nimshonee binti yangu gauni,
nikahangaika na mkasi, na bado jicho la mheshimiwa
likaangukia kwenye kitovu cha mtoto.

Wengine wakasema tupokee, njaa haina chama.
Mama Nsimire akauliza:
Ombeni tumemuuza kwa kilo ngapi?
Hakujibiwa. Simu ikaandika kwa herufi ndogo za kijivu
kwamba ametoka,
kama mtu aliyekwenda tu kuanua nguo.

Ukifungua sasa: hotuba, matusi,
nani wa kilima gani, nani kalipwa,
wanaume wasiojua nepi wakitufundisha kulea taifa.
Msimamizi ni mimi. Redioni nimeitwa mara nne.
Nimejua kusema "sisi akina mama"
bila kumfikiria mama hata mmoja.

Juzi, saa kumi usiku, umeme umekatika,
nilipandisha kidole, ujumbe mia tatu na kumi na mbili,
na katikati, punje ya mtama ndani ya changarawe:
*Bamama, mutoto yangu iko na siku ine. Anakatala ziwa. Nifanye je?*
Saa nane na dakika kumi.
Juu yake picha ya mheshimiwa.
Chini yake picha ya mheshimiwa.

Nikasimama dirishani. Ziwa lile jingine
lilikuwa kule bondeni, jeusi, limejaa, halina wa kulikataa.
Nikapiga. Ikaita. Ikaita.
"Samahani," akasema, "nilizani hapa
habaulizake tena mambo ya batoto."

Keti, nikamwambia. Mgongo ukutani.
Kamua tone, mpake mdomoni.
Tumbo lake kwa tumbo lako. Usimsukume, mngoje.
Kukicha nenda kituoni, usimuulize mtu ruhusa.
Tukangoja, yeye na mimi, na salio likipungua.

Saa kumi na moja mtangazaji akaita kwenye laini ya pili:
leo akina mama wana msimamo gani?
Sikupokea.
Kule kwa yule msichana kulikuwa na sauti ndogo,
ya kumeza au ya kulia, sijui,
nilikuwa bado nasikiliza.